Bustani ya Mboga Kama Wakfu wa Mji

(Hotuba iliyotolewa mbele ya Waislamu mjini Singida)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mlezi wa walimwengu wote. Leo napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni mboga inayoliwa na jirani yako. Mtume Muhammad (s.a.w.) ametufundisha kwamba Mwislamu apandapo mti au mmea, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, basi huandikiwa sadaka. Fundisho hilo sote tunalijua tangu chuoni. Swali ni hili: je, linaonekana katika viwanja vya misikiti yetu?

Mkoa wetu unasifika kwa alizeti, vitunguu, asali na kuku wa kienyeji. Lakini mvua zetu ni za msimu mmoja tu, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili. Kiangazi kikikolea, mboga za majani huwa adimu, bei hupanda, na fukara ndiye wa kwanza kuzikosa. Wazee wetu Wanyaturu na Wanyiramba waliijua hali hiyo, ndiyo sababu walikausha mlenda wakauweka akiba. Mkazi wa mjini leo hana konde la kuchuma mlenda huo. Sensa ya 2012 ilikuta watu wapatao 150,000 katika Manispaa ya Singida. Ile ya 2022 ilikuta zaidi ya 200,000. Nyumba zinaongezeka, makonde ya karibu yanapungua. Maziwa yetu mawili, Singidani na Kindai, yako mjini, lakini maji yake ni ya chumvi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Na uchunguzi wa afya uliofanyika nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Udumavu una sababu nyingi, na mchicha peke yake si dawa yake. Hata hivyo, mtoto alaye ugali mtupu miezi mitano mfululizo hawezi kukua kama inavyopasa.

Ndugu zangu, kulima mjini si jambo geni. Baada ya ukame wa miaka ya 1973 na 1974 serikali ilitangaza Kilimo cha Kufa na Kupona, na watu wa mijini nao wakahimizwa kulima kila penye nafasi. Mwaka 1992 zikatungwa kanuni za kilimo cha mijini. Lakini bustani iliyoanzishwa kwa shauku hufa kama hakuna fedha ya kuitunza wakati wa kiangazi, wakati hasa inapohitajika. Mbegu hununuliwa kwa mchango wa siku moja, lakini maji hulipiwa kila mwezi. Basi fedha zitoke wapi? Naona milango mitatu.

Kwanza, wakfu. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata ardhi Khaybar, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aizuie asili yake na atoe mazao yake sadaka. Ardhi ile ikawa haiuzwi, haipewi mtu, wala hairithiwi. Msimamizi wake aliruhusiwa kula humo kwa kiasi. Naye Sayyidna Uthman (r.a.) alinunua kisima cha Ruma ili watu wa Madina wapate maji. Tazameni hekima yake: mmoja alitoa ardhi, mwingine maji, na mtunzaji hakusahauliwa. Bustani yetu nayo inahitaji hayo matatu. Mwenye kiwanja atoe kiwanja, kwa maandishi na mbele ya mashahidi. Mwenye uwezo atoe tangi au kisima. Nasi wengine tuchange kidogo kila mwezi kwa ajili ya mtunzaji.

Pili, sadaka ya hiari. Nasema sadaka, wala sisemi Zaka. Zaka ina wanaoistahiki, makundi manane yaliyotajwa katika Kurani Tukufu. Tusiichukue haki ya maskini tukainunulia mabomba bila kuwauliza wanazuoni wetu.

Tatu, mikopo ya halmashauri. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, na ikarejeshwa 2024. Akina mama na vijana wetu wajiunge katika vikundi, wavisajili, na wamwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Lakini mkopo ni deni, na deni ni amana. Kikundi kitakachokopa sharti kiuze sehemu ya mboga zake ili kilipe.

Tena tunayo mali ambayo tunaimwaga kila siku. Waumini 100 wakitawadha kwa lita 3 kila mmoja, hizo ni lita 300, yaani ndoo 15 za lita 20, kwa sala moja. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa maji yapatayo mudi moja, hivyo tupunguze matumizi kwanza. Yatakayobaki, kama hayana sabuni wala chumvi nyingi, yaelekezwe kwenye mashina ya mboga. Pasipo na nafasi, gunia lililojazwa udongo na samadi, lenye mawe katikati ya kupitisha maji na matundu ubavuni, hutosha kuotesha sukuma wiki na chainizi. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne.

Mwisho, nasisitiza uaminifu. Hesabu ya kila mwezi ibandikwe ukutani msikitini: kilichoingia, kilichotoka, na kilichogawiwa. Fungu la kwanza liwe la wajane, yatima na wagonjwa wa mtaa, wawe Waislamu au wasiwe, kwani haki ya jirani haikuwekewa sharti la dini. Bustani ikiwa ya wanakamati na jamaa zao, hiyo si wakfu tena, ni shamba la watu wachache.

Kila kamati ya msikiti basi, katika kikao chake kijacho, ijibu maswali matatu: ardhi iko wapi, maji yatatoka wapi mwezi Septemba, na nani ataweka hesabu? Msikiti usio na majibu usianze bado; wenye majibu usingoje.

Mwenyezi Mungu atupe moyo wa kutoa na uaminifu wa kutunza. Amin.