Hatari Kabla ya Jina: Magonjwa ya Kuua Yanapojitokeza kwa Sura Isiyozoeleka

Elimu ya tiba hujengwa juu ya sura za kawaida za magonjwa. Shambulio la moyo, yaani kuziba kwa ghafla kwa mshipa unaolisha msuli wa moyo, hufundishwa kwa maumivu makali ya kifua yanayoenea hadi bega na mkono wa kushoto; homa ya uti wa mgongo hufundishwa kwa shingo iliyokakamaa; kisukari kwa kiu isiyokatika na kukojoa mara kwa mara; na malaria kwa homa yenye kutetemeka na kutokwa na jasho. Utaratibu huu una faida kubwa, kwa sababu humwezesha tabibu wa zahanati, mwenye foleni ndefu ya wagonjwa na vifaa vichache, kuchukua hatua sahihi ndani ya muda mfupi. Lakini utaratibu huo huo una upungufu unaogharimu maisha, kwani mgonjwa ambaye maradhi yake hayakufuata maelezo ya darasani hupewa jina la ugonjwa mwingine uliozoeleka, akaanzishiwa dawa ya ugonjwa huo, na kwa kuwa jina limeshapatikana, utafutaji wa kile kinachomuua hukoma.

Hoja inayotetewa katika mhadhara huu ni kwamba, pale maisha yanapokuwa hatarini, tiba ya hatari inapaswa kutangulia jina la ugonjwa, na jina lenyewe, likishatolewa, linapaswa kubaki wazi kusahihishwa hadi ushahidi ulithibitishe. Hoja hii ni rahisi kuitamka kuliko kuitekeleza, na ushahidi uliokusanywa Afrika Mashariki na Malawi katika miongo miwili iliyopita unaonyesha kwa nini ni hivyo.

1. Chanzo cha sura isiyozoeleka

Yapo mambo mawili ambayo huchanganywa mara nyingi na yanayostahili kutenganishwa. Ugonjwa adimu ni ule unaowapata watu wachache, ilhali sura adimu ya ugonjwa ni namna isiyotarajiwa ambayo ugonjwa, hata uwe wa kawaida kabisa, hujitokeza kwa mgonjwa fulani. Sura hiyo haitokei kwa bahati tu, bali ina sababu zinazoeleweka, na tabibu anayezijua sababu hizo huweza kuitarajia kabla hajakutana nayo.

Sababu ya kwanza ni umri. Mtoto mchanga mwenye sepsisi, yaani hali ambamo mwitikio wa mwili dhidi ya maambukizi hugeuka na kuviharibu viungo vya mwili huo huo, anaweza kupoa badala ya kupata homa, na dalili pekee ikawa kwamba ameacha kunyonya. Naye mzee mwenye nimonia anaweza kufikishwa hospitalini kwa sababu ya kuchanganyikiwa, bila kikohozi wala homa. Sababu ya pili ni mpangilio wa neva, kwa kuwa neva zinazotoka moyoni na zile zinazotoka sehemu ya juu ya tumbo huingia katika uti wa mgongo kwenye maeneo yanayokaribiana, hivyo ubongo hushindwa kupambanua maumivu yanatoka wapi. Sababu ya tatu ni hali ya kinga, ambapo mtu aliyedhoofishwa na Virusi vya Ukimwi anaweza kuwa na kifua kikuu kilichoenea mwilini huku picha ya eksirei ya kifua chake ikionekana karibu ya kawaida, kwa sababu sehemu ya madoa yanayotafutwa katika picha hiyo huletwa na mapambano ya kinga yenyewe. Sababu ya nne haimo mwilini mwa mgonjwa bali katika mazingira yake: pale ugonjwa mmoja unapotawala eneo, magonjwa mengine yote yenye dalili zinazokaribiana nao huishi chini ya jina lake.

2. Homa zilizobeba jina moja

Sababu hiyo ya nne ndiyo iliyochunguzwa kwa kina zaidi katika ukanda huu. Utafiti ulioongozwa na Hugh Reyburn katika hospitali 10 za kaskazini-mashariki mwa Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2004, uliwafuatilia wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kama wagonjwa wa malaria kali. Damu yao ilipochunguzwa kwa makini kwa hadubini, vimelea vya malaria vilionekana kwa wagonjwa 2,062 tu, sawa na asilimia 46.1. Miongoni mwa waliokuwa na vimelea walifariki asilimia 6.9, lakini miongoni mwa wasiokuwa navyo walifariki asilimia 12.1, na takriban theluthi mbili ya kundi hili la pili hawakupewa antibiotiki, ambazo ndizo dawa zinazoua bakteria. Takwimu hizi zinastahili kusomwa polepole, kwa maana zinaonyesha kwamba hatari kubwa zaidi iliwakabili wale waliopewa jina lisilo lao.

Uchunguzi mwingine, uliofanyika Moshi chini ya John Crump na wenzake na kuchapishwa mwaka 2013, ulikwenda mbele zaidi kwa kuuliza homa hizo zilisababishwa na nini hasa. Kati ya wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, 528 walikuwa wameandikiwa malaria, ilhali malaria ilithibitishwa kuwa chanzo cha homa kwa wagonjwa 14 tu. Katika nafasi iliyobaki walipatikana wenye bakteria ndani ya damu, wenye fangasi, na wenye maambukizi yatokayo kwa wanyama, yakiwemo brusela, leptospira, homa ya Q na riketsia, ambayo kila moja lina tiba yake na hakuna hata moja linaloponywa na dawa ya malaria. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilikuwa tayari limependekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa, na kipimo cha haraka kimeenea hadi zahanati za vijijini. Hata hivyo, kipimo kinachosema kwamba huyu hana malaria hujibu swali moja na kuliacha wazi lile kubwa zaidi, nalo ni lile la kinachomsumbua.

Kipimo chanya nacho hakimalizi kazi, na ushahidi wa jambo hili ulitoka Blantyre, Malawi. Katika uchunguzi wa maiti ulioongozwa na Terrie Taylor na kuchapishwa mwaka 2004, watoto 31 waliofariki walikuwa wametimiza vigezo vyote vya malaria ya ubongo, yaani walikuwa na vimelea katika damu, walikuwa wamepoteza fahamu, na hakuna sababu nyingine iliyokuwa imeonekana wakati wa uhai wao. Mabongo yao yalipochunguzwa, watoto 7 walibainika kuwa wameuawa na jambo lingine, huku vimelea walivyokuwa navyo vikiwa ni vile ambavyo mtu wa eneo lenye malaria nyingi huweza kutembea navyo bila kuugua. Dalili pekee ya wakati wa uhai iliyoweza kuyatenganisha makundi hayo mawili ilikuwa mabadiliko katika retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ambayo tabibu huyaona kwa kifaa kidogo cha kuchungulia ndani ya jicho.

3. Moyo, tumbo na sukari

Nje ya homa, magonjwa matatu yanatosha kuonyesha jinsi hatari inavyojificha. La kwanza ni shambulio la moyo. Uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa 434,877 nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba asilimia 33 walifika hospitalini bila maumivu ya kifua. Walikuwa zaidi wanawake, wazee na wenye kisukari, na asilimia 23.3 kati yao walifia hospitalini, ikilinganishwa na asilimia 9.3 ya waliokuwa na maumivu hayo. Wagonjwa wa namna hiyo hulalamikia kuishiwa pumzi, kichefuchefu, jasho la baridi au kiungulia, na malalamiko hayo hupelekwa kwa urahisi kwenye vidonda vya tumbo. Kipimo cha umeme wa moyo huchukua dakika chache, na aspirini, ambayo hupunguza kuganda kwa damu, ni dawa ya bei ndogo; kinachokosekana mara nyingi ni wazo la kwamba moyo unaweza kuwa ndio chanzo.

La pili ni mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Mirija inapopasuka, damu humwagikia tumboni, na ikifika chini ya kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, mgonjwa huweza kulalamikia maumivu ya bega badala ya tumbo. Mwanamke kijana anaweza kufika akiwa na kizunguzungu na kuharisha kidogo, bila kutokwa na damu ukeni na bila kujua kwamba ana mimba, kisha akapoteza fahamu akiwa kwenye foleni ya maabara. Ndiyo maana kanuni ya kumpima mimba kila mwanamke wa umri wa kuzaa anayezirai au kuumwa tumbo haina budi kufuatwa bila kubagua hali ya ndoa wala maelezo yake, kwa staha na kwa faragha, kwa sababu tiba ya mimba iliyokwisha kupasuka ni upasuaji wa haraka na damu ya kuongezewa.

La tatu ni kisukari cha utotoni kinachojitangaza kwa mara ya kwanza katika hali ya dharura. Insulini, homoni inayoiingiza sukari katika seli, inapokosekana, mwili huchoma mafuta na kuzalisha asidi, na mtoto huanza kupumua kwa nguvu na kwa kina ili kuiondoa asidi hiyo kupitia hewa. Kupumua huko hudhaniwa kuwa nimonia, kutapika hudhaniwa kuwa malaria, na kuumwa tumbo hudhaniwa kuwa minyoo. Tangu Januari 1922, insulini ilipotumiwa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza huko Toronto, hali hii ina tiba: maji ya mshipa yanayohesabiwa kwa uangalifu, insulini, na madini ya potasiamu. Tone moja la damu kidoleni hufichua tatizo zima, na kipimo hicho hicho hufichua pia hali iliyo kinyume chake, ya sukari kushuka mno, ambayo huua haraka vilevile.

4. Tiba inayotangulia jina, na mipaka yake

Mifano hiyo inaonyesha kwamba tabibu ana mambo ya kufanya hata kabla ya kuujua ugonjwa. Njia ya hewa hukaguliwa na kufunguliwa, oksijeni hutolewa kwa anayeihitaji, damu inayovuja huzuiwa, sukari hupimwa na kurekebishwa, degedege hukomeshwa, na pale sepsisi inaposhukiwa antibiotiki huanzishwa bila kusubiri majibu yote ya maabara. Huu ndio msingi wa tiba ya dharura, fani ambayo nchini Tanzania ilipata makao yake mwaka 2010, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipofungua idara ya magonjwa ya dharura.

Hata hivyo, ingekuwa kosa kudhani kwamba kila tendo la haraka ni tendo la kuokoa. Jaribio lililoongozwa na Kathryn Maitland nchini Kenya, Uganda na Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2011, liliwahusisha watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu. Ilitarajiwa kwamba kuwapa maji mengi ya mshipa kwa mkupuo, kama miongozo ya nchi tajiri ilivyoelekeza, kungeokoa maisha. Ilionekana badala yake kwamba katika saa 48 za mwanzo walifariki takriban asilimia 10.5 ya waliopewa maji hayo, na asilimia 7.3 ya wasiopewa. Kwa hiyo tiba inayotangulia jina haina ruhusa ya kutangulia ushahidi, na ushahidi huo hauna budi kutafutwa kwa wagonjwa wa mahali tiba itakapotumika.

5. Kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi kwa jamii

Sura isiyozoeleka inapoonekana kwa watu kadhaa kwa wakati mmoja, huwa ni onyo kwa umma. Julai 2022, wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, wagonjwa waliokuwa na homa, uchovu na kutokwa na damu puani walipimwa na kukutwa hawana Ebola, Marburg wala UVIKO-19. Uchunguzi ulipoendelea, ulithibitisha leptospira, bakteria wanaoenezwa hasa kwa mkojo wa wanyama, na serikali ikautangaza ugonjwa huo kwa jina la Homa ya Mgunda, ukiwa umewapata watu 20 na kuua 3. Machi 2023 mkoani Kagera hali ilikuwa kinyume, kwani homa na kutapika, dalili ambazo zingeweza kuitwa malaria, zilikuwa za virusi vya Marburg, na kati ya watu 9 waliohesabiwa kuugua, 6 walifariki. Katika matukio yote mawili, njia ya kuufikia ukweli ilianzia kwa wahudumu waliokataa kuridhika na jina la kwanza.

Kukataa huko hakupaswi kutegemea ujasiri wa mtu mmoja. Vyuo vya tiba vina wajibu wa kufundisha kila ugonjwa wa kuua pamoja na sura zake zisizozoeleka na sababu za sura hizo, na kuwatahini wanafunzi juu yake. Hospitali zina wajibu wa kuhakikisha kwamba kipimo cha sukari, cha mimba na cha umeme wa moyo vinapatikana usiku kama mchana, na kwamba katika kila faili la mgonjwa aliyezidiwa huandikwa dalili zisizolingana na jina alilopewa, ili daktari wa zamu inayofuata aanzie hapo. Muuguzi, ambaye hukaa na mgonjwa kuliko mtu mwingine yeyote, anastahili haki iliyoandikwa ya kuomba uamuzi upitiwe upya, na mama anayesema kwamba mtoto wake hajawahi kuugua namna hii anastahili kusikilizwa kama mleta ushahidi. Vifo vinapotokea, uchunguzi wa maiti ufanywe kwa ridhaa ya familia na matokeo yake yarudishwe wodini kwa ajili ya kufundishia, wala si kwa ajili ya kumtafuta wa kulaumiwa, kwa kuwa hofu ya lawama huwafanya wahudumu wafiche kile ambacho kingemwokoa mgonjwa anayefuata. Sehemu kubwa ya mambo haya haihitaji mashine za gharama kubwa. Yanahitaji uamuzi wa wenye mamlaka na nidhamu ya kila siku ya wanaotibu, na kila mwaka unaopita bila uamuzi huo unalipiwa na wagonjwa ambao tiba yao ilikuwepo.