Nguvu ya Mshipi wa Nailoni

Mvuvi wa Msambweni ashikaye mshipi wa nailoni ameshika molekuli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo kila kimoja ni kirefu mfano wa mnyororo. Nailoni ilibuniwa Marekani mwaka wa 1935 na Wallace Carothers wa kampuni ya DuPont. Uzi utokapo mtamboni, minyororo hiyo imevurugika kama usumba kabla ya kusokotwa, na uzi ni dhaifu. Basi huvutwa hata urefu wake ukazidi mara kadhaa. Minyororo ikalala sambamba na kushikana. Hapo ndipo nguvu ipatikanapo.

Ajabu zaidi ni polithini. Mifuko iliyopigwa marufuku Kenya mwaka wa 2017, na kamba zishindazo chuma cha uzito ulio sawa, asili yake ni moja. Zinatofautiana kwa urefu wa minyororo na jinsi ilivyolazwa.

Lakini jua kali, kama lile la Diani, huikata minyororo ya nailoni kidogo kidogo. Mshipi uonekanao mzima hukatika papa auvutapo, na jasho la usiku kucha likapotea. Mishipi na nyavu, zikishakauka, ziwekwe kivulini.