Pikipiki Ndogo na Bei ya Mazao
(Hotuba iliyotolewa kwa niaba ya wakulima wazee wa Msowero)



Twashukuru sana kupewa nafasi ya kusema katika sherehe hii ya miaka 10. Wenzetu wamekwisha kueleza habari za maghala, hesabu na mikopo. Sisi wazee wa Msowero tumeombwa tusimulie habari za chombo tulichokitumia kabla Chama hiki hakijazaliwa, nacho ni pikipiki ndogo. Msidhani ni hadithi ya kupitisha wakati. Mna jambo ndani yake limhusulo kila mwenye gunia la kuuza.

Tuliyoipenda kuliko zote ni Honda ya aina ya Super Cub, ambayo ilianza kuuzwa huko Japani mwaka 1958. Injini yake ya kwanza ilikuwa ya sentimita za ujazo 49, yaani ujazo usiozidi kikombe cha kahawa. Haikuwa na mkono wa klachi. Gea zilibadilishwa kwa mguu tu. Mbele ya miguu palikuwa na ngao ya kuzuia tope, na kati ya kiti na usukani palikuwa wazi, hata mzee mwenye kanzu au mama mwenye khanga aliweza kuipanda bila taabu. Ilipofika mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa milioni 100 duniani. Zile chache zilizofika kwetu zilikuwa tone katika bahari hiyo, lakini kwetu zilikuwa neema.

Tulizinunua kwa fedha za pamba, mahindi na mpunga, na tukazitunza kama mtu atunzavyo ng'ombe wa maziwa. Alfajiri tulipiga kiki, na watoto wakiwa bado kitandani walitambua kwa mlio ni nani apitaye. Wakati wa masika udongo mweusi wa mbugani ulijaa chini ya bamba la gurudumu hata likakataa kuzunguka. Tukashuka, tukautoa kwa kijiti, tukaendelea. Kijito kikifurika, vijana wawili waliibeba pikipiki nzima wakavuka nayo, kwani uzito wake haukufikia gunia la mahindi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, petroli ilipokuwa adimu nchini, chombo kilichokunywa kidogo kiliendelea kutembea wakati magari yamelala. Kwa pikipiki hizo tulikwenda Ilonga kuuliza habari za mbegu, na kwa hizo tuliwafikisha wagonjwa Kilosa.

Lakini faida iliyotukaa moyoni ni nyingine. Ndugu zetu, mtakumbuka kwamba vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Baadaye biashara ya nafaka ikafunguliwa, na wanunuzi wakaingia mpaka mashambani. Walikuja na magunia yao na bei yao, nasi tuliokaa mbali na barabara hatukuwa na bei ya kulinganisha. Gunia lilishindiliwa na kuongezwa kilemba juu, ile tuiitayo lumbesa, likahesabiwa kuwa gunia moja.

Ndipo tulipoanza kumtuma mmoja wetu Dumila alfajiri, akaulize bei sokoni. Kabla ya adhuhuri alikuwa amerudi, na bei imekwisha kutangazwa kitongoji hadi kitongoji. Mnunuzi alipofika alitukuta tunajua. Wengine walipandisha bei siku ile ile. Wengine waligeuza gari. Asiye na habari huuziwa bei, na mwenye habari huitaja.

Leo twapita juu ya lami, na simu imo katika kila mfuko. Tangu mwaka 2010 kanuni za nchi zimeitambua pikipiki ya kubeba abiria kwa malipo, na wana wetu wengi hula kwa kazi hiyo. Twawaomba wavae kofia ngumu na wapunguze mwendo, maana sisi tulifika kila tulikokwenda, na hatukuwa na haraka.

Hata hivyo, simu hutaja bei, bali haipimi gunia. Mjane mwenye magunia manne ng'ambo ya mto, ambaye ada ya mtoto yamngoja, bado huuza lumbesa mlangoni pake. Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, twaomba kila chama cha msingi kiwe na pikipiki moja ndogo, na juu ya keria yake mizani ya kuning'iniza iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Ifike katika vitongoji vya mbali kabla ya mnunuzi, siyo baada yake. Gharama yake si kubwa, na mwanachama aliye mbali atajua kwamba Chama ni chake pia.

Twawatakia mavuno mema na miaka mingine 10 ya umoja.