Mshahara Usiolipwa Ugenini



Nimepewa nafasi niseme juu ya vijana wetu waendao kufanya kazi Qatar. Ndugu yangu mdogo alikuwa mlinzi huko Doha, akakaa miezi mitatu pasipo mshahara. Akatuandikia kwamba ataka kuondoka usiku. Nalimjibu asifanye hivyo, kwani mwenye kuondoka bila ruhusa, tajiri wake aweza kumshitaki kuwa ametoroka, na haki yake ikaingia giza.

Sheria ya huko i wazi. Tangu 2015 matajiri wameamriwa kulipa mishahara kwa njia ya benki, wala wasichelewe kupita siku saba. Tangu 2018 yako mabaraza ya kuamua mashauri ya kazi. Lakini madai yapelekwe kabla ya kupita mwaka mmoja tangu mapatano kwisha.

Basi ndugu yangu alikusanya mapatano yake, hesabu ya benki, na daftari la siku alizofanya kazi, akapeleka shauri Wizara ya Kazi. Tajiri akamletea karatasi atie sahihi kwamba amekwisha lipwa yote, akakataa. Hata leo amepata mishahara miwili. Wa tatu ungali unadaiwa.

Ndugu zangu, sisi makarani hushika hati kila siku. Kabla kijana hajasafiri, na tumsomee mapatano yake neno kwa neno, na nakala ibaki nyumbani. Mali bila daftari hupotea bila habari.