Kiti, Njia na Sauti
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya ndugu zetu wenye ulemavu wa viungo, na vyombo viwezavyo kuwasaidia kukaa, kwenda na kusema. Twalipokea jambo hili kama letu, maana wahenga walinena: hujafa hujaumbika.

Tuanze na kukaa. Wengi hudhani kwamba kiti ni kiti. Sivyo. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, akiegemezwa mito ukutani, huinama upande mmoja. Mgongo hupinda, na kupumua na kumeza kukawa taabu. Lakini nyonga zake zikifika nyuma kabisa ya kiti, na nyayo zikapata pa kukanyaga, kichwa huinuka na mikono hupata kazi. Wazee wetu waliijua siri hii: kiti cha enzi cha Amu kina egemeo refu na kibao cha kuwekea miguu. Fundi awezaye kumkalisha vema mgeni mtukufu hashindwi kumkalisha mtoto wetu, akipimwa kwanza.

Pili, njia. Mji wa Amu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ulijengwa kwa mguu wa mtu na kwato za punda. Tokea Usita wa Mui hadi vichochoroni, kuna vizingiti, vidaraja na ngazi. Na Shela ni mchanga. Tumepata kuona kiti kizuri cha hospitali kikiletwa kwa shangwe, kisha kikageuka cha kuanikia nguo, kwa kuwa magurudumu yake madogo ya mbele yalizama mchangani. Viti vya magurudumu matatu, ambavyo gurudumu la mbele ni kubwa na limewekwa mbali na miguu, hupita mchangani kwa wepesi zaidi. Ila ni virefu, na kona za mitaa yetu ni finyu. Basi na ipimwe njia kama apimwavyo mtu. Shirika la Afya Duniani liliagiza mwaka 2008 kwamba mtumiaji apimwe, kiti kirekebishwe kimfae, afundishwe kukitumia, kisha kiangaliwe baadaye. Nasi twaongeza: kitiwe mafuta, maana chumvi ya bahari haina huruma na chuma.

Tatu, sauti. Mwana Kupona, alipotunga utendi wake mwaka 1858, alikuwa mgonjwa. Mwili ulikuwa dhaifu, maneno yakabaki. Leo simu na kompyuta huandika maneno ya msemaji. Google ilianza kusikia Kiswahili kwa namna hiyo mwaka 2017. Asiyeweza kushika kalamu aweza kuandika barua yake mwenyewe, bila ya kumfunulia mtu siri zake. Lakini mashine husikia ilichofundishwa. Sisi husema ndia na mato, nayo imezoea njia na macho. Na mwenye ulimi mzito huielemea zaidi. Mradi wa Common Voice wa Mozilla hupokea sauti za watu wa kawaida ili mashine zifunzwe, na Kiswahili kimo. Tusipotoa sauti zetu, tusilalamike kwamba hatusikiwi. Na asiyeweza kusema kabisa, ubao wa picha na herufi waweza kuwa ulimi wake tangu leo, bila umeme.

Wazee wetu, haya si sadaka tu. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 chataja vifaa hivi kuwa haki. Na chama kijulikanacho kwa herufi APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, hutengeneza viti vya magurudumu humu humu nchini.

Kwa hiyo twaomba mkutano ukubali mambo matatu: mafundi wetu wa mbao wajifunze kutengeneza viti vya watoto, wanachama wawili kila mtaa wawe waangalizi wa viti, na vijana wakae na wazee barazani kurekodi Kiamu, pamoja na sauti za wenye ulimi mzito.

Tusiwafiche ndugu zetu ghorofani kwa kuwaonea haya. Ngazi tuliijenga sisi. Na sisi ndio tutakaowashusha.

Wabillahi tawfiq.