Kusoma Kabla ya Kuzama: Vitabu vya Mpiga Mbizi Anayeanza



Utangulizi

Wengi wetu humu, wakufunzi na wanafunzi, tumekulia pwani. Tungali wadogo tulijifunza kuvuta pumzi moja, kuibana, kushuka hadi kwenye tundu la pweza na kuibuka. Siku yangu ya kwanza na mtungi wa hewa, mita tano tu chini, regulata, kifaa cha kupumulia, ilinichomoka mdomoni. Nikafanya nilivyozoea: nikabana pumzi na kupiga miguu kwenda juu. Mkufunzi alinidaka kifundo cha mguu, akanirudishia regulata, akanishikilia mpaka alipoona natoa mapovu. Jioni alinifungulia kitabu cha kozi, ambacho nilikuwa nimetazama picha zake tu. Kosa ambalo lingeniua lilikuwa limeelezwa humo waziwazi. Hoja yangu leo ni hii: mtoto wa pwani anakihitaji kitabu kuliko mgeni, kwa sababu ana mazoea ambayo sharti ayaache.

1. Kitabu cha kozi

Kiwe cha PADI, SSI au shirika jingine la mafunzo ya mbizi, kianzwe hiki, na sura ya mgandamizo isomwe mara tatu. Kwenye mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu ya maji. Mita 20, mara tatu. Mita 30, mara nne. Chukua chupa ya plastiki iliyojaa hewa, ifunge, shuka nayo. Kwenye mita 10 itakuwa imebonyea, hewa yake imebaki nusu. Sasa ijaze hewa ya mtungi hukohuko chini, ifunge, panda nayo: hewa itataka nafasi maradufu. Chupa hiyo ni pafu lako. Mvuvi wa pweza huvuta hewa yake juu, kwa hiyo anapoibuka hurudia ujazo uleule. Wewe umeivutia chini. Usibane pumzi kamwe.

Angalia pia kwamba kutoka mita 30 hadi 20 hewa huongezeka kwa theluthi tu, ilhali kutoka mita 10 hadi juu huongezeka maradufu. Mita za mwisho ndizo za kupanda polepole zaidi.

2. Vitabu vya visa

Kanuni hukaa kichwani zikiwa na sura za watu. The Last Dive cha Bernie Chowdhury, kilichotoka mwaka 2000, kinasimulia habari za Chris Rouse na mwanawe Chrissy, wapiga mbizi mahiri waliofariki mwaka 1992 baada ya kuingia ndani ya nyambizi ya Kijerumani iliyozama karibu na New Jersey, Marekani. Kisomeni ili muone kwamba bahari haimwogopi fundi.

The Silent World cha Jacques-Yves Cousteau na Frédéric Dumas, cha mwaka 1953, kinaeleza mwanzo wa chombo cha kupumulia tunachokitumia, kilichobuniwa na Cousteau na Émile Gagnan mwaka 1943. Kinatia hamu ya bahari. Lakini filamu yenye jina hilo, ya mwaka 1956, inaonyesha baruti ikilipuliwa kwenye matumbawe. Sisi tulioona baruti inavyoacha mwamba ukiwa kifusi tusiige hilo.

3. Kitabu cha viumbe

Mwongozo wa viumbe wa pwani ya Afrika Mashariki uliohaririwa na Matthew Richmond, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1997, uwepo katika kila kituo. Kabla ya mbizi chagua viumbe watatu. Baada ya mbizi waandike kwenye daftari lako kwa majina ya kwetu: chewa, mkunga, kasa, taa.

Mapendekezo

Vitabu vingi nilivyovitaja ni vya Kiingereza, na kijana anaweza kukariri jibu la mtihani bila kuelewa. Napendekeza kila kituo kitenge saa moja ya kusoma wawili wawili na kuelezana kwa Kiswahili. Kabla mwanafunzi hajakabidhiwa mtungi, amweleze mwenzake kwa maneno yake mwenyewe tofauti ya mbizi ya pweza na mbizi ya mtungi. Akishindwa, asikemewe. Arudi kwenye ukurasa, na boti imsubiri.