Sindano Kwanza, Spika Baadaye

(Maneno yaliyosemwa na mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa serikali, katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme jinsi mtu wa kipato cha kawaida anavyoweza kuboresha mashine yake ya santuri nyumbani. Mimi ni mtumishi wa serikali. Mfuko wangu mnaujua. (Kicheko.) Tena leo mkutano utaamua juu ya sanduku la santuri lililoko stoo ya bwalo, kwa hiyo jambo hili linatuhusu sote.

Ushauri wangu ni mmoja: boresheni kitu kimoja kimoja, na muanzie pale sindano inapogusa santuri. Wengi wetu tukipata fedha hukimbilia spika kubwa. Lakini spika hutoa kile ilicholetewa tu. Sindano ikiwa imechakaa, spika kubwa zitakupa mikwaruzo mikubwa. Isitoshe, sindano hiyo inakwangua mfuo wa santuri, na kilichokwanguliwa hakirudi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa santuri, hata huo ukuta haujengeki. Nyimbo nyingi za bendi zetu za zamani zilitoka katika santuri ndogo za mizunguko 45, na nyingine hazikutolewa tena.

Hatua ya kwanza karibu haina gharama. Mashine ikae sawasawa. Tumia pimamaji ya fundi mwashi. Spika zisikae meza moja na mashine, maana mtikisiko hupanda hadi kwenye sindano ukarudi kama muungurumo. Futa vumbi kwa brashi laini kila unapopiga. Santuri zisimame wima, mbali na jua.

Hatua ya pili ni sindano. Ya almasi hudumu kiasi cha saa 500 hadi 1,000. Vichwa vingi vya sumaku hutaka uzito wa gramu 1.5 hadi 2.5, fuata maelezo ya mtengenezaji, na upime kwa mizani ndogo. Msidhani kwamba uzito mdogo mno unalinda santuri. Sindano isiyotulia hurukaruka ndani ya mfuo na kuuchubua. Na wenye santuri za mizunguko 78, kama zile alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928, wajue kwamba mfuo wake ni mpana. Hutaka sindano ya kiasi cha mikroni 75, wakati santuri kubwa za mizunguko 33 hutumia ya mikroni 18 hivi.

Hatua ya tatu ni amplifaya. Sauti ikitoka ndogo na nyembamba, bila besi, huenda amplifaya yako haina tundu la mashine ya santuri. Dawa yake ni kijisanduku cha kukuza sauti ya sindano, siyo amplifaya mpya. Ikinguruma, kagua kwanza waya wa ardhi.

Baada ya hayo ndipo spika, hata za mtumba, mradi ukingo wa koni haujaoza.

Mashine yenyewe iwe ya mwisho. Wenye ndugu Marekani wawe waangalifu: umeme wa kule ni wa volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, wetu ni volti 230 na mizunguko 50. Transfoma hurekebisha volti tu. Mota inayofuata mizunguko ya umeme itazungusha santuri ya 33 chini ya 28, na mwimbaji ataimba kama mtu anayesinzia. (Kicheko.)

Kati ya hatua na hatua ipite miezi. Pigeni santuri ileile kabla na baada, na muandike daftarini mlichosikia. Ukibadili vitu viwili kwa pamoja, hutajua kipi kimekusaidia na kipi kimekula fedha yako bure.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, napendekeza mchango wa mwaka huu usinunue spika za ukumbini. Ununue sindano mbili, moja ikiwa ya santuri za 78, mizani, brashi na mifuko mipya ya karatasi, na wanafunzi wafundishwe kazi hiyo. Spika zinaweza kusubiri mwaka mwingine. Santuri zile haziwezi.